Nilimcheka Mama Mkwe kwa Lugha Asiyoijua

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usipoteze muda kunitafutia utetezi. Nimesoma maungamo mengi ya wenzangu: mistari miwili ya "nilikosa", halafu ishirini ya "lakini shetani alinipitia". Shetani gani! Mimi hakunipitia shetani yeyote. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, nimeshiba, simu mkononi, nacheka.

Jina sitaji. Wanaonijua watanijua tu, maana sauti yangu imeshatembea Amerika kuliko mimi mwenyewe.

Mimi ni Mkongomani wa Fizi. Nilikulia kambini Tanzania, nikaletwa Louisville na makaratasi yanayosema nimezaliwa Januari mosi. Wewe uliyepita kambi unaelewa. Nenda pale Newburg kwenye maghorofa yetu, gonga milango, uliza siku za kuzaliwa. Baba Januari mosi, mama Januari mosi, jirani Januari mosi. Utadhani mama zetu walikaa kikao! Mtu haijui tarehe yake, mwandikishaji anamwandikia hiyo, basi. Tumezoea, tunaitania wenyewe.

Mume wangu namwita Yao, na ndilo jina lake kweli, maana huko kwao wanaume wanaoitwa hivyo ni wengi kama mchanga. Ni mtu wa Togo. Tulikutana kiwandani Jeffersontown, mimi nafunga maboksi, yeye anayapanga. Wote wawili Kiingereza kilikuwa kinatupiga chenga, tukajikuta tunaongea Kifaransa wakati wa mapumziko. Mtu mpole, hasemi sana, hacheki ovyo. Nikampenda, tukaoana, tukapata binti.

Mwaka 2015 kiwanda kikapunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Yao akaniambia, "Mama yangu hajawahi kumwona mjukuu wake. Kwa kuwa huna kazi, nenda naye ukae kidogo. Mimi nitabaki na shifti zangu." Huko "kukaa kidogo" kukawa miezi mitano. Binti alikuwa na miaka mitatu, na alishaanza ile tabia ya kunijibu Kiingereza nikimsemesha Kiswahili.

Sasa nisikilize vizuri. Niliondoka Louisville na pasipoti ya bluu ya Marekani, mpya, haijapigwa hata muhuri mmoja. Na kichwa kilikuwa kimevimba! Miaka kumi na mitatu nilipanga foleni ya mgao wa mahindi, nimelala chini ya turubai, nimeoga kwa kopo. Leo nafika Kpalimé, mji mzuri wa milimani, nyumba ya matofali, uwanja uliofagiwa, nashika pua! Naomba kijiko! Mimi, mtoto wa kambi, naulizia kijiko kwa sauti ya Kimarekani!

Mama Abla, mama mkwe wangu, hakukasirika. Alikuwa mama wa makamo ya mwisho, mguu mmoja anauvuta kidogo, anauza samaki wa kukausha sokoni. Alinipokea kwa maji kwenye bakuli, "Woezon, woezon," ndiyo karibu yao. Kijiko akakitafuta kwa jirani.

Maisha ya pale yalikuwa na mpango wake. Kabla jua halijapanda unasikia fagio, kila uwanja unafagiliwa kwa pamoja. Kisha salamu. Ndugu yangu, salamu! Umeamkaje, mtoto ameamkaje, wa nyumbani wameamkaje, ya jana je? Kwenda dukani kununua sukari, hatua hamsini, unatumia nusu saa. Jumapili baada ya kanisa ni fufu. Siyo fufu yetu ya unga wa muhogo. Wao wanachemsha viazi vikuu, wanatwanga kwenye kinu, wanawake wawili wanapokezana michi na wa tatu anageuza kwa mkono katikati. Mtaa mzima unajua nani leo anakula vizuri kwa kusikiliza mlio.

Mimi nilifanya nini katikati ya hayo yote? Nilikuwa narekodi.

Tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, kina mama tuliokua pamoja kambini. Wengine Louisville, wengine Columbus, wengine Buffalo. Watu wa kulalamikia baridi na kupeana mapishi ya sombe, kisamvu chetu. Nilipofika Togo nikawa mtangazaji wao. Kila siku baada ya chakula cha mchana nabonyeza kile kitufe, naanza. Leo nimeona hiki, leo nimelishwa kile. Vicheko vinamiminika kwenye skrini. Shoga yangu mmoja wa Columbus, anayekaa kule Morse Road, aliniandikia, "Weye unapaswa kulipwa!" Basi kichwa kikavimba zaidi. Sifa za bure zimeua wengi.

Na Kiswahili nani anakijua Kpalimé? Hakuna. Nilikuwa namcheka Mama Abla akiwa ameketi mita moja kutoka kwangu, anachambua maharage. Nilijiona mjanja! Leo nikiukumbuka ule ujanja natamani kujizaba kofi.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Watu wa huko mtu huitwa kwa siku aliyozaliwa. Ndiyo jina lake la kwanza kabla ya ubatizo. Mama Abla ni wa Jumanne. Yao ni wa Alhamisi. Binti yangu aliletwa duniani hospitalini Louisville, siku yake inajulikana, akapewa jina lake bila shida. Ikafika zamu yangu.

"Na wewe ulizaliwa siku gani?" Mama Abla akaniuliza kwa Kifaransa.

"Januari mosi."

"Hiyo ni tarehe. Nakuuliza siku."

"Mama, sijui. Na hiyo tarehe yenyewe ni ya makaratasi."

Aliacha maharage. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mwenzake hana kivuli. "Mtu hawezi kukaa bila siku," akasema. "Mama yako hakukuambia?"

Mama yangu alifia kambini nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilimjibu hivyo, kwa ukali kidogo, nikidhani atanyamaza.

Hakunyamaza! Siku tatu nzima alinifuata. Unakumbuka lolote mama yako alilosema kuhusu siku ile? Mvua ilinyesha? Watu walitoka kanisani? Nani wa ukoo wako bado yu hai? Nikamwambia yupo dada wa mama yangu, Mama Mkubwa, anaishi Buffalo. "Mpigie," akasema. "Mpigie sasa hivi, mbele yangu."

Nikampigia ili nipumzike. Mama Mkubwa hakufikiri hata dakika.

"Mutoto wangu, ile siku bibi yako alikuwa anatoka ku soko, ndagala ku kichwa. Alisikia mama yako analia mu nyumba, akatupa yote chini, akakimbia. Kuku bakakula ndagala zote! Tulicheka miaka mingi. Na soko yetu ilikuwa ya siku ya ine tu."

Ndagala ni dagaa, na siku ya ine kwetu ndiyo Alhamisi.

Nilimtafsiria Mama Abla kwa Kifaransa, na yule mama alipiga makofi, akasimama na mguu wake ule, akazunguka uwanja akiimba. Alhamisi! Siku moja na mwanangu! Yao na Yawa! Kumbe Mungu aliwapanga! Majirani wakaitwa. Kuku akachinjwa. Nikafungwa kitenge kipya kiunoni, kila anayeingia ananishika mikono yote miwili, "Yawa, Yawa, woezon." Na Mama Abla akanikatia kipande cha kwanza cha nyama kwa mkono wake, akaniletea hadi mdomoni, kama mama anavyomlisha mtoto.

Nilikuwa na miaka thelathini na ushei. Hakuna mtu aliyewahi kunitafutia kitu hicho. Hakuna ofisi, hakuna kanisa, hata mimi mwenyewe sikuwahi kukitafuta. Moyo ulinijaa mpaka nikaogopa kulia mbele za watu. Unajua nilifanya nini na ule moyo uliojaa?

Nilichukua simu.

Nitayaandika maneno kama yalivyotoka, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani chenye Kifaransa ndani, na 'njo' yetu ni 'ndiyo'. Nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuyakosea.

"Bamama, mujambo? Bon, leo mutacheka mpaka mukufe. Minazaliwa tena! Huku Togo! Huyu mama mukwe yangu iko na akili ya ajabu. Siku tatu ananisumbua tu, ulizaliwa siku gani, ulizaliwa siku gani. Donc mimi niko mukate, nikumbuke siku nilitoka ku tanuru? Sasa anacheza na ile muguu yake ya kuvuta, bameua kuku, banasema jina yangu ni Yawa. Yawa! Sawa jina ya mbuzi! Na ile mikono yake iko na harufu ya samaki, njo anataka kunilisha nayo mu kinywa. Ah! Yao alitoka mu hii maisha, njo maana aliponiona alifikiri ni malaika. Kama haikukuwa mimi, nani angemukamata?"

Mama Abla alikuwa amerudi kuketi kando yangu, jasho la kucheza bado linamtoka. Alisikia "Yawa", alisikia "Yao", akatabasamu. "Unawaambia nini dada zako?"

"Nawaambia ulivyonipa jina."

"Niache nami niwasalimie."

Nilishamfundisha maneno mawili ya Kiswahili. Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe. Akainama kwenye simu, akashika mkono wangu, akapaza sauti kama anawaita watu ng'ambo ya mto. "Jambo! Jambo sana!"

Nikaachia kitufe. Ikaenda.

Kundi lilipasuka. Vile vikatuni vya kucheka vinatoa machozi, mistari na mistari. Mama Mkubwa, naye alikuwa kundini, peke yake hakuandika kitu. Yule shoga wa Columbus akamtumia kaka yake. Kaka yake akawatumia wenzake wa kazini. Mtu akampelekea shemeji yake Buffalo. Wiki haikuisha, sauti yangu ikawa imerudi Louisville kwa mlango wa nyuma, iko kwenye simu ya Mrundi mmoja anayefanya kazi Jeffersontown. Kiwanda kimoja, line moja na mume wangu!

Haya mengine Mrundi huyo alinieleza mwenyewe baadaye, macho chini. Walikuwa kwenye chumba cha mapumziko, dakika kumi na tano. Akawaambia wenzake, "Sikilizeni huyu dada, mtavunjika mbavu." Akabonyeza. Yao alikuwa pembeni anakula, Kiswahili hajui. Watu wanacheka, yeye anaendelea na wali wake. Labda sauti ya mkewe aliitilia shaka, labda hapana, kina mama wa Kikongo kwenye simu tunafanana, na kina Yao ni wengi. Lakini mwisho ukafika, mama mmoja anauliza kitu kwa Kifaransa, kisha anapaza sauti. "Jambo! Jambo sana!"

Yao akaweka uma chini. "Huyo ni mama yangu," akasema.

Yule Mrundi akadhani ni utani, maana kazini mume wangu walimjua kwa jina la ubatizo tu. Yao akamwambia arudie, na safari hii atafsiri kila sentensi kwa Kiingereza. "Dada, nilianza nikicheka," Mrundi aliniambia. "Nilipofika kwenye mguu sikucheka tena. Kwenye harufu ya samaki nilitaka kuacha. Akaniambia, endelea."

Kule Kpalimé ilikuwa mchana. Mama Abla anabangua karanga, mimi namsuka binti. Simu ikalia, siyo yangu, yake. Aliposikia ni mwanawe akaweka sauti kubwa, ili na mimi nisikie, kama alivyofanya siku zote. Yao akaanza kuongea Kiewe, lugha ya kwao. Taratibu, anasimama, anaendelea. Mimi nilielewa neno moja tu, Yawa. Kisha nikaona mikono ya Mama Abla imeacha karanga.

Simu ikakatika. Halafu akanigeukia, kwa Kifaransa chake cha sokoni.

"Mwanangu anasema ulisema maneno. Nataka kuyasikia kwako."

"Mama, ni utani tu wa kina mama. Niliwaambia unacheza vizuri, unapika vizuri..."

"Usinidanganye mara ya pili. Anayo hiyo sauti mkononi. Sema."

Nikasema! Mungu wangu, nilisema yote, uso kwa uso, na binti katikati ya magoti yangu. Mkate. Mguu. Mbuzi. Mikono. Kwa Kiswahili lilikuwa jambo jepesi, linateleza lenyewe. Kwa Kifaransa, mbele ya mwenye mguu, kila neno nilikuwa nalivuta kama ndoo ya kisimani. Hakuna kilichochekesha. Hakuna hata kimoja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na salamu yangu? Waliijibu?"

Nikainamia nywele za binti. Watu zaidi ya ishirini kwenye lile kundi, hakuna hata mmoja aliyejibu salamu ya yule mama.

"Bon," akasema. Akainuka, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana, kwa sabuni.

Nilitegemea matusi. Nilitegemea nifukuzwe, na pasipoti yangu ya bluu nilikuwa nimeshaiweka karibu. Wapi! Kesho yake mchana nikakuta meza imetandikwa sebuleni. Sahani ya udongo mweupe, kijiko, uma, kisu, glasi imefunikwa kwa kitambaa. Chakula cha mtu mmoja. Nje uani, Mama Abla na binti yangu wanakula bakuli moja kwa mikono, wanachekeana.

"Madame, chakula chako tayari."

Madame! Yawa iliisha siku ile. Majirani nao wakashika hilo hilo. "Habari za asubuhi, Madame." Hakuna aliyeninunia, hakuna aliyeninyima maji ya kuoga, yaliletwa ya moto kuliko mwanzo. Nikishika ufagio, nanyang'anywa kwa adabu, "Madame atachafuka." Nikisogea kwenye kinu, wananiletea kiti. Nilipiga magoti mara mbili nikaomba msamaha, mara zote mbili aliniinua yeye mwenyewe, "Hapana, Madame, mgeni hapigi magoti kwangu." Miezi miwili nilikula sebuleni peke yangu na ile seti ya vijiko. Niliomba Umarekani, nikapewa Umarekani mpaka nikatapika.

Nikarudi Louisville. Yao alitupokea uwanja wa ndege, akambeba binti, akabeba na mizigo yangu yote. Hakunipiga, hakunitukana, hajaniacha. Wapo watakaosema nina bahati. Njoo basi ukae nayo hiyo bahati! Akitaka kuongea na mama yake anatoka nje, anaketi ndani ya gari pale kwenye maegesho, hata theluji ikiwa inaanguka. Zamani alikuwa anaweka sauti kubwa mezani, nyumba nzima inasalimiana.

Na wale kina mama zangu wa kucheka? Walipojua yamenifika, walinihurumia siku mbili, halafu nikawa mimi ndiye kichekesho. Yule wa Columbus aliandika kwenye kundi kwamba yeye siku zote alijua nina mdomo. Yeye! Aliyesema nilipwe! Nilitoka kwenye kundi. Mama Mkubwa ndiye pekee aliyenipigia, na hakuzunguka.

"Mama yako angekuwa muzima, njo yeye angekupatia ile siku. Hayuko. Mwenzake akakutafutia mu nafasi yake, na wewe ukamucheka. Usinipigie simu ya kulia, mutoto wangu. Lia tu kwako."

Nililia kwangu.

Mwaka uliofuata nikajifungua mtoto wa kiume. Jumanne. Yao akampigia mama yake nikiwa bado kitandani hospitalini, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi hakutoka nje. Nikasikia vigelegele, mtoto ni wa Jumanne kama bibi yake! Nikamwomba Yao simu. Akafikiri, akanipa.

Nilikuwa nimejifunza maneno ya Kiewe miezi na miezi, kwa siri, kutoka kwa Mtogo mmoja mzee wa kanisani kwetu. Nimeyakariri kama sala. Nikayasema yote bila kusimama: Mama, nakuomba, nilikukosea, nisamehe, mimi ni mtoto wako.

Akaniacha nimalize.

"Asante sana, Madame," akajibu kwa Kifaransa. "Umejifunza vizuri. Pumzika sasa, umechoka. Nirudishie mwanangu."

Nikamrudishia mwanawe.

Basi, wewe unayesoma hii ukiwa mgeni kwa watu, iwe ni kwa wakwe, iwe ni kazini, iwe ni kwa wale wazungu wazee unaowaogesha na kuwasengenya kwa Kiswahili huku unawatabasamia: acha. Usijidanganye kwamba lugha ni ukuta. Neno unaloshindwa kulisema kwa lugha ya mwenyewe, ukimtazama machoni, ni neno ulilokwisha kujua ni baya kabla hujafungua mdomo. Mimi nilijua. Nilijua kidole kikiwa kwenye kitufe.

Na ninyi mnaopenda kuwatumia wenzenu mambo ya watu, najua mmeshaanza kuitafuta ile sauti. Mtaipata, bado inatembea. Haya, chekeni. Angalau safari hii mnayemcheka anaelewa kila neno.